"Ajali haina kinga," nani kasema?

Ndugu msikilizaji, kila chombo kinapopinduka baharini husikika watu wakisema kwa unyonge, "Ajali haina kinga." Katika kazi hii ya redio nimesoma taarifa nyingi za ajali za majini, na kila niisikiapo kauli hiyo najiuliza kama ni kweli. Leo tuipime kwa tukio moja lililotokea mbali na kwetu, lakini ambalo mafunzo yake yanatuhusu sote tunaoishi karibu na maji.

Tarehe 22 Machi 1993, wanafunzi wanane kutoka mji wa Plymouth, Uingereza, pamoja na mwalimu wao na wakufunzi wawili, waliondoka Lyme Regis kwa kayaki kuelekea Charmouth. Ni safari ya kama maili mbili tu kufuata ufuko. Kayaki, kwa asiyeijua, ni mtumbwi mwembamba ambao mtu hukaa ndani yake akiwa amenyosha miguu, akipiga kafi lenye ubapa huku na huku.

Safari ilikuwa bado changa mwalimu alipoanza kupinduka. Mkufunzi mmoja akabaki kumsaidia, mwingine akaachiwa wanafunzi wote wanane. Upepo ulikuwa ukivuma kutoka nchi kavu, ukawasukuma vijana wale mbali na pwani. Tundu la kukalia halikuwa na kifuniko cha kuzuia maji, hivyo mawimbi yakaingia na kayaki zikajaa na kupinduka. Hawakuwa na redio wala fataki za kuomba msaada. Huko nchi kavu walitarajiwa mchana, lakini saa kadhaa zikapita kabla ya walinzi wa pwani kupewa taarifa. Hata walipookolewa, walikuwa wamekaa muda mrefu mno katika maji ya baridi kali. Vijana wanne walipoteza maisha.

Je, hiyo ndiyo ajali isiyo na kinga? Mahakama ilikataa. Ilibainika kwamba miezi kadhaa kabla ya tukio, wakufunzi wa zamani wa kituo kile walikuwa wameandika barua kuonya kuhusu usalama. Mwaka 1994 meneja akafungwa jela, na kampuni ikatozwa faini ya pauni 60,000 kwa kosa la kuua bila kukusudia. Ilikuwa mara ya kwanza kwa kampuni kutiwa hatiani kwa kosa hilo nchini Uingereza. Mwaka 1995 Bunge likapitisha sheria ya kuvidhibiti vituo vinavyowapeleka vijana katika michezo ya hatari.

Sasa tujiulize: mtu afanye nini chombo chake kidogo kinapopinduka? La kwanza, asikiachie chombo, wala kafi. Mtumbwi uliopinduka huelea, na hushika macho ya mtafutaji upesi kuliko kichwa cha mtu kati ya mawimbi. Wengi huiona pwani iko karibu, wakaanza kuogelea, wakachoka njiani. Pwani inadanganya macho, hasa upepo unapokusukuma nje. Penye mawimbi yanayovunjika, kaa upande wa baharini wa chombo, ili wimbi lisije likakipiga juu yako.

La pili, kama kuna mwenzako, msaidiane. Mwenye kayaki nzima huivuta omo ya ile iliyopinduka, akailaza kifudifudi kukingama juu ya kayaki yake ili maji yamwagike. Kisha huigeuza na kuishikilia ubavuni, na aliyeko majini hupiga miguu, akapanda kwa tumbo na kujigeuza taratibu. Jambo hili hujifunzwa kwenye maji tulivu karibu na ufuko, si siku ya dhoruba.

La tatu, mkishindwa kupanda, kaeni pamoja, kunjeni magoti na kukumbatiana ili joto lisipotee. Hata bahari yetu ya joto ni baridi kuliko mwili, na maji hunyonya joto haraka kuliko hewa. Pulizeni filimbi. Mkiona chombo au ndege, nyosheni mikono pande zote mbili, mkiipandisha na kuishusha polepole. Hiyo ni ishara ya hatari inayotambulika duniani kote. Mwenye redio ya baharini aite kwenye chaneli 16, akitamka "mayday" mara tatu na kueleza alipo. Mwenye simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, hapa Tanzania apige 112.

Hata hivyo, kinga kubwa huanza nchi kavu. Wavuvi wetu huondoka alfajiri na upepo wa umande utokao bara, kwa sababu wanajua upepo wa baharini utawarudisha baadaye. Kijana wa mjini anayekodi kayaki au kupanda ngalawa kwa matembezi hajui hayo. Kwake upepo wa bara ni shwari tu, maana ufukweni maji yametulia. Kumbe upepo huohuo ndio uliowachukua vijana wa Plymouth.

Kwa hiyo, mzazi, mwanao akikuletea barua ya shule ya matembezi ya pwani, kabla ya kutia sahihi uliza maswali manne. Je, kila mtoto atavaa jaketi la kuokolea linalomtosha, na si kulikalia? Nani ametazama upepo na maji kujaa na kupwa? Chombo kina kifaa gani cha kuita msaada? Na nani atabaki nchi kavu akijua saa ya kurudi, na atasubiri dakika ngapi kabla ya kutoa taarifa? Usipopata majibu, usione haya kumzuia mtoto nyumbani. Atanuna siku moja.

Mpaka juma lijalo, kwaherini.