Chujio la Moshi na Haki ya Jirani

Ndugu Waislamu, tumeona wenye magari mapya ya dizeli katika Mbeya na Iringa wakishtuka taa ya manjano ya chujio iwakapo katika dashibodi, wakadhani injini imeharibika. Sivyo. Taa hiyo yawaarifu kuwa chujio lililomo katika bomba la moshi limejaa masizi.

Chujio hilo huyazuia masizi yasitoke nje, kisha huyachoma kwa joto la nyuzi 600 hivi, yakabaki majivu kidogo. Lakini joto hilo halipatikani kwa safari fupi, kama za Soweto hadi Mwanjelwa. Lahitaji mwendo mrefu usiokatika, kama ule wa kupita Makambako na Mafinga kwenda Iringa. Basi taa hiyo iwakapo, endesheni mwendo wa kadiri kwa dakika 20 hivi, wala msizime injini mpaka taa izimike. Msisimame penye majani makavu, kwani bomba huwa na moto mkali. Ikiwaka taa nyekundu, au nguvu za gari zikipungua, mwoneni fundi upesi.

Wako watakaowashauri mling'oe chujio ili mwepuke gharama. Twawasihi msikubali. Masizi hayo huingia mapafuni mwa watoto wa jirani, na dini yetu imetukataza kuwadhuru wenzetu. Gari ni la mtu mmoja, lakini hewa ni ya wote. Mwenyezi Mungu atupe taufiki. Amin.