Chokaa ya jirani haitoshi shambani kwako

Msimu wa kununua chokaa umefika, na swali linaloingia kwenye simu yangu ni lile lile: "Bwana shamba, mimi na jirani tulipima, wote pH 5. Kila mmoja kaweka mifuko kumi kwa ekari. Yeye sasa anakaribia 6, mimi kipimo hakijasogea. Nimeuziwa feki?"

Feki zipo, sikatai. Ila kabla hujagombana na muuzaji, lowesha udongo wako uushike. Unafinyangika kama wa kutengenezea chungu? Basi anzia hapo.

pH inasoma uchachu ulio kwenye maji ya udongo tu, na huo ni kidogo. Mwingi umejificha, umeng'ang'ania kwenye chembe za mfinyanzi na mboji. Chokaa ikizima ule wa kwenye maji, chembe zinaachia mwingine kujaza pengo. Unaweka, zinaachia. Mita inabaki palepale mpaka ghala lipungue. Tabia hii ya kugoma kubadilika wanakemia wanaiita bafa.

Maabara hutengeneza bafa makusudi: asidi dhaifu, mfano ile ya kwenye siki, pamoja na chumvi yake. Ukidondoshea asidi, chumvi inaidaka. Ukidondoshea alkali, asidi inaizima. pH inasogea kidogo sana hadi upande mmoja uishe. Vile vichupa vya kusahihishia mita, cha 4 na cha 7, ni bafa. (Ukishachovya mita, usirudishe maji yale chupani, tafadhali.)

Sasa kuna bafa ya pH 7.5 inayoitwa SMP. Inachanganywa na udongo, kisha wanaangalia imeshuka hadi ngapi. Udongo wa kichanga wa jirani utaishusha kidogo. Wako utaishusha sana, ingawa mita ilisoma 5 kwenu wote. Mshuko huo ndio unaokokotoa tani za chokaa. Kwa hiyo ukipeleka sampuli TARI Uyole, Mlingano au SUA, usiishie kuomba pH. Uliza kipimo cha mahitaji ya chokaa.

Na jirani usimwonee wivu. Mchanga hauna ghala: urea na SA vitamrudisha chini upesi, na akizidisha chokaa mahindi yake yatakosa zinki. Yeye aweke kidogo kidogo huku akipima. Wewe utatoa hela nyingi kwa mkupuo, lakini kazi yake itadumu miaka. Kama mfuko haujakaa vizuri, gawa misimu miwili, uanze na kipande cha maharage. Viazi mviringo vinavumilia uchachu, tena chokaa nyingi huvipa ukoko wa ngozi.

Ichanganye na udongo hadi sentimita 15 au 20, miezi miwili au mitatu kabla ya kupanda. Na usiimwage siku moja na urea, nitrojeni itapaa hewani.