Unarudi kwenye kazi ya punda? Anzia zahanati

Katika vijiji vingi vya Shinyanga, mtoto hujifunza kuswaga punda kabla hajamaliza shule ya msingi. Akikua, huenda kujaribu bahati kwenye maduara ya dhahabu ya Kahama, Nyarugusu au Rwamgasa. Miaka ikipita na bahati ikikataa, wapo wanaorudi kwenye kazi waliyoizoea: wananunua punda na mkokoteni, wanabeba maji, kuni, matofali au mawe ya kupeleka karasha.

Ni kazi halali inayolisha familia. Lakini anayerudi hurudi na ujuzi wa zamani kwenye mwili uliobadilika. Kabla ya kulipia punda, tenga siku moja kwa ajili ya afya yako.

Kwanza, kifua. Vumbi la mawe ya dhahabu huacha makovu kwenye mapafu, nayo hayafutiki hata ukiacha uchimbaji. Pia huongeza hatari ya kuugua kifua kikuu. Ukiwa na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa za jioni, jasho jingi usiku, au ukipungua uzito, nenda ukapime. Mweleze mhudumu kwamba umefanya kazi duarani, hata kama hakuuliza. Matibabu ya kifua kikuu katika vituo vya serikali ni bure.

Pili, chanjo ya pepopunda. Vijidudu vya ugonjwa huu hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama, punda akiwamo, na huingia kupitia jeraha, hata dogo la msumari wa mkokoteni. Watoto huchanjwa wakiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hiyo hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Wanawake huongezewa kliniki wakiwa wajawazito. Wanaume wengi hawapati nafasi hiyo. Uliza kuhusu chanjo ya nyongeza. Ukiumia, osha jeraha kwa maji na sabuni, usipake mavi ya ng'ombe wala majivu, kisha nenda kituoni. Taya likianza kukaza au shingo kukakamaa, hiyo ni dharura. Mara nyingi dalili hutokea kati ya siku 3 na 21 baada ya kuumia.

Tatu, mateke na meno. Usimfuate punda kwa nyuma. Mwendee ubavuni karibu na bega, ukimsemesha ajue upo. Usizungushe kamba mkononi, maana akishtuka atakuburuta. Teke la tumbo linaweza kupasua ini au wengu bila kuacha kidonda. Maumivu yakizidi, ukihisi kizunguzungu au ukikojoa damu, wahi hospitali siku hiyo hiyo. Punda aliyebadilika tabia ghafla, anang'ata ovyo na kutokwa mate, huenda ana kichaa cha mbwa. Akikung'ata, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha uende kupata chanjo bila kusubiri dalili. Dalili zikishaanza, ugonjwa huu karibu kila mara huua.

Nne, mgongo. Wiki za mwanzo beba mzigo mdogo, na gunia zito mlinyanyue wawili, mkikunja magoti badala ya kuinamisha kiuno. Hapo punda naye atapona na mzigo unaozidi nguvu zake.

Kwa wazazi: mtoto mdogo asiachwe peke yake na punda, wala asisimame nyuma yake. Kila anayemhudumia anawe mikono kwa sabuni kabla ya kula. Magunia yaliyobeba mawe au marudio ya dhahabu yasitumike kuhifadhia mahindi wala mchele, kwa sababu yanaweza kuwa na zebaki, ambayo hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Ukiwa na swali kuhusu kifua au chanjo, anza na zahanati iliyo karibu nawe. Punda atasubiri siku moja.