Kompyuta Ndogo Mlimani na Mtandao Usio na Waya

Mwezi Agosti 2022 Shirika la Mawasiliano Tanzania lilifikisha intaneti Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, kwenye njia ya Marangu ya kupandia Kilimanjaro. Mpanda mlima ambaye simu yake imekatika hujaribu tena. Lakini kompyuta ndogo iliyowekwa mteremkoni kupima mvua haina mhudumu, wala kioo, wala kibodi. Mawasiliano yake hutegemea maneno machache yaliyoandikwa ndani ya faili.

Kompyuta ya namna hiyo, kama vile Raspberry Pi iliyotolewa Uingereza mwaka 1912 + 100, yaani 2012, hutosha kiganjani. Huendeshwa kwa Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds wa Ufini mwaka 1991. Ili ijiunge na mtandao huhitaji mambo matatu: jina la mtandao, neno la siri, na alama ya nchi. Jina na neno la siri hutofautisha herufi kubwa na ndogo; «Marangu» na «marangu» ni mitandao miwili. Alama ya nchi, ambayo kwa Tanzania ni TZ, huijulisha redio masafa na nguvu zinazoruhusiwa.

Mawimbi yenye mitetemo milioni 2,400 kwa sekunde yana urefu wa sentimita 12.5, yale ya milioni 5,000 yana sentimita 6. Haya ya pili hubeba habari nyingi zaidi, lakini hudhoofika upesi yapitapo katika kuta. Maji yaliyomo katika majani mabichi nayo hunyonya nguvu ya mawimbi. Kwa hiyo katika vihamba vya Wachaga, ambamo migomba na kahawa huota pamoja, yafaa kutumia masafa ya chini na kuinua antena juu ya migomba.

Hatari kubwa hutokea pale fundi aliyeko Moshi anapobadili mipangilio ya kompyuta iliyoko mlimani kwa kupitia mtandao ule ule. Akikosea herufi moja, kompyuta hujitenga, na amri ya kusahihisha haina tena njia ya kupita. Huko ni kukata tawi alilokalia.

Kinga ni tatu. Kwanza, mtandao wa zamani usifutwe. Mpya uongezwe kando yake, ili mmoja ukikosekana mwingine ujaribiwe. Pili, kabla ya badiliko iachwe amri ya kurudisha mipangilio ya zamani baada ya dakika 10. Fundi akifaulu kuingia tena, huifuta amri hiyo; asipofaulu, kompyuta hujirekebisha yenyewe. Tatu, vipimo viandikwe kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu, ndipo vitumwe, kwani mvua iliyonyesha bila kuandikwa haipimwi tena.

Wanafunzi waweza kuyajaribu haya kwa kompyuta mbili chumbani. Kosa la darasani husahihishwa papo hapo. La mlimani hudai safari.