Sense8: Mashabiki Walidai Mwisho, Si Huruma
Sense8, tamthilia ya kubuni ya kisayansi kuhusu watu wanane wa nchi mbalimbali waliounganishwa akili, iliipa Nairobi mmoja wao: Capheus, dereva wa matatu. Tarehe 1 Juni 2017 Netflix ilitangaza kuifuta, wiki chache baada ya msimu wa pili kutoka, mmoja wa wanane hao, Wolfgang, akiwa bado mateka. Mashabiki wakapiga kelele, na mwezi huohuo wakaahidiwa sehemu moja ndefu ya kufungia, iliyotoka tarehe 8 Juni 2018.

Wapo watakaosema kampuni ilikuwa na haki, kwani kurekodi katika miji mingi hula fedha. Hesabu hiyo siibishi. Lakini hata msimulizi wa ngano kijijini Ufipa, wasikilizaji wakipungua, hawezi kuinuka pale shujaa alipotekwa. Waliobaki bado wanamdai. Sehemu hiyo ya mwisho, kusema kweli, imebana mambo ya msimu mzima ndani ya saa mbili na nusu, na maadui wanaanguka upesi mno. Katika msimu wa kawaida ingelaumiwa. Kwa kuwa ilikaribia kukosekana kabisa, wengi waliipokea kama kuagana, wakaisamehe pupa yake. Tena walikwishasamehe makubwa zaidi: Capheus mwenyewe, aliyeigizwa kwanza na Aml Ameen, msimu wa pili alirudi na sura ya Toby Onwumere.