Gome Rahisi, Lebo Ghali: Biashara ya Dawa za Moyo Kerugoya

Mjini Kerugoya, katika Kaunti ya Kirinyaga, mitishamba ina sura mbili. Ya kwanza imelazwa chini juu ya gunia: magome ya muthiga yaliyojikunja, mizizi ya mukawa ambayo bado ina udongo, na muteta uliokatwakatwa ukafungwa vifungu vifungu. Ukimuuliza mama anayeuza dawa hii inatibu nini, atakuuliza kwanza wewe unaumwa nini. Sura ya pili iko dukani, ndani ya kopo jeupe la plastiki lenye picha ya moyo mwekundu na ahadi tatu: presha itashuka, damu itasafishwa, mapigo yatatulia. Huenda unga ulio ndani ya kopo ulitoka kwenye gunia kama lile la mama. Pesa ya biashara hii hupatikana katika safari hiyo ya kutoka guniani hadi koponi.

Wateja si wa kutafuta. Utafiti wa kitaifa wa STEPwise wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba asilimia 23.8 ya watu wazima nchini Kenya walikuwa na presha ya juu, na zaidi ya nusu hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Presha haiumi. Mtu hulima, huchuma majani ya chai, hupanda mlima na mzigo mgongoni, kisha siku moja anaambiwa kliniki kwamba atameza tembe hadi mwisho wa maisha yake. Maneno hayo, "hadi mwisho wa maisha", ndiyo yanayomleta mbele ya kopo jeupe. Hospitali inamwahidi kudhibiti ugonjwa, kopo linamwahidi kuumaliza. Kibiashara, hapo mshindi anajulikana.

Malighafi hutoka mashambani na katika msitu wa Mlima Kenya. Sheria ya misitu, ile ya 2005 na iliyoifuata ya 2016, inaitambua haki ya wanajamii walio katika vyama vya misitu kukusanya dawa, mradi wawe na makubaliano na Huduma ya Misitu ya Kenya. Anayefuata utaratibu huo huingia msituni mchana. Asiyeufuata hubandua gome kwa haraka, akalichuna kuzunguka shina lote, na mti uliochunwa hivyo hufa kwa sababu chakula kinachotengenezwa na majani hakishuki tena mizizini. Muthiga umeumia sana kwa namna hiyo. Muiri, mti mwingine wa dawa, nao ulishaingia katika vitabu vya kimataifa: mwaka 1994 mkataba wa CITES uliuweka kwenye orodha ya pili ya mimea inayodhibitiwa, baada ya viwanda vya Ulaya kulitaka gome lake kwa dawa ya tezi dume. Wenye viwanda hivyo walipima, wakasanifisha, wakafungasha. Afrika iliuza gome kwa kilo.

Huku kwetu hesabu haiko mbali na hiyo. Mvunaji hulipwa kidogo kuliko wote. Broka anayejaza magunia na kuyapeleka Karatina au Nairobi hupata nafuu kidogo. Anayesaga na kufungasha hununua makopo, hulipa mchapishaji wa lebo na kodi ya duka. Kisha kuna redio. Daktari wa mitishamba mwenye kipindi chake katika redio ya lugha ya mama huuza sauti kabla ya kuuza unga, na muda wa hewani haununuliwi kwa bei ya gome. Gharama hiyo yote humrudia mnunuzi. Kwa hiyo bei kubwa ya kopo isichukuliwe kuwa ishara ya dawa kali. Sehemu yake kubwa ni gharama ya kukufanya ulisikie.

Upande mmoja wa biashara hii naupenda bila kusita, nao ni supu. Katika mabucha mengi ya miji ya Mlima Kenya, sufuria ya supu ya mbuzi huchemka na vipande vya muteta au mizizi ya mukawa ndani yake. Supu hutoka nyeusi-nyeusi, chungu, yenye mafuta kidogo juu, na mteja huinywa kwa kikombe huku akikunja uso. Mwenye bucha haahidi kutibu vali ya moyo. Anauza ladha, desturi na joto la asubuhi, na wateja hurudi kesho. Ni biashara inayojiendesha bila redio.

Mukawa wenyewe una historia ya kumfunza mfanyabiashara yeyote. Ndio mugariga wa Loliondo, mti ambao Mchungaji Ambilikile Mwasapila wa Samunge, kaskazini mwa Tanzania, aliuchemsha mwaka 2011 na kuugawa kikombe kimoja kwa shilingi 500 za Tanzania. Watu walifika kwa maelfu, Wakenya wakiwemo, kwa kisukari, presha, saratani na Ukimwi. Kikombe kilikuwa rahisi. Waliovuna ni wenye magari, wauza maji na chakula, na wenye mahali pa kulala. Wapo wagonjwa waliofia kwenye foleni, na wapo walioacha dawa za hospitali. Mwasapila alifariki mwaka 2021, na msururu wa magari ulikuwa umekwisha zamani.

Mapigo ya moyo ni suala jingine kabisa, na hapa wauzaji wengi wanacheza na moto. Mimea inayogusa mapigo kweli ipo, na Afrika Mashariki ina historia kubwa katika habari hiyo. Msunguti, mti wa sumu ya mishale, una kemikali iitwayo ouabaini, ambayo mwanakemia Mfaransa Arnaud aliitenga mwaka 1888. John Kirk, aliyekuja kuwa balozi mdogo wa Uingereza Zanzibar, alipokuwa na mpelelezi David Livingstone huko Zambezi aligundua mapigo yake yamepungua baada ya mswaki wake kugusana na sumu ya mishale iitwayo kombe. Sumu hizo mbili zikaja kuwa dawa za moyo Ulaya, sawa na ua la digitalisi ambalo daktari Mwingereza William Withering aliliandikia kitabu mwaka 1785. Katika mimea yote hiyo, kiasi kinachotuliza moyo na kiasi kinachousimamisha hukaribiana mno. Ndiyo sababu wataalamu walitumia miaka mingi kwenye vipimo. Kijiko cha chai hakiwezi kazi hiyo, kwa kuwa gome la mti mmoja halina nguvu sawa na la mti wa pili, na la kiangazi si sawa na la masika.

Mimea ya upole ina matokeo ya upole. Choya, lile ua jekundu linalochemshwa kama chai, imeonekana katika majaribio kadhaa kushusha presha kwa kiasi kidogo. Dondoo ya hothoni, mti ambao Wazungu wameusifu kwa moyo tangu zamani, ilijaribiwa kwa wagonjwa 2,681 wa moyo dhaifu katika utafiti wa SPICE, na haikupunguza vifo na matukio mengine ya moyo kwa kiwango cha kujivunia. Hiyo ni dondoo iliyopimwa kiwandani. Unga usiopimwa usidai zaidi.

Mbona basi dai linapita? Kwa sababu ya karatasi ukutani. Idara ya Utamaduni huwasajili waganga wa jadi, na cheti chake huning'inizwa dukani karibu na leseni ya biashara ya kaunti. Mteja huviona akadhani dawa imeidhinishwa. Cheti kinamtambua mganga, leseni inaruhusu duka kufunguliwa. Anayesajili dawa yenyewe ni Bodi ya Famasia na Sumu, na nambari yake, ikiwepo, hukaa kwenye kopo. Sheria ya Afya ya 2017 iliagiza kiundwe chombo cha kusimamia tiba asili kwa sheria ya Bunge. Tanzania ilikuwa imetangulia: ilipitisha sheria yake mwaka 2002, ikaunda baraza.

Wauzaji husema usajili na vipimo vya maabara haviwezekani kwa mtu mwenye meza moja, na hapo nawaunga mkono. Lakini Kirinyaga inajua jibu la tatizo la aina hiyo. Mkulima wa kahawa mwenye miche mia tatu hana mashine ya kumenya wala mnunuzi wa ng'ambo, ila ana chama. Baragwi, Rung'eto, Kabare na Mutira ni majina yanayofika hadi kwenye mifuko ya kahawa Ulaya na Marekani. Wavunaji wa mitishamba wakiwa na ushirika wao wangeweza kupanda muthiga badala ya kuuchuna, kukausha pamoja, kupeleka sampuli moja kwa KEMRI, taasisi ya kitaifa ya utafiti wa tiba ambayo ina kituo cha utafiti wa dawa za asili, na kuuza chai na viungo vya supu kwa lebo isiyodanganya. Faida ingekuwa ya polepole. Mabroka wasingeipenda.

Hadi hapo, dai la kutibu mapigo ya moyo linafaa kuondolewa kwenye makopo yote yasiyo na nambari ya Bodi, na kaunti inaweza kuanza na maduka yaliyo hatua chache kutoka hospitali ya rufaa ya Kerugoya. Moyo unaodunda ovyo huweza kutengeneza donge la damu na kuleta kiharusi, na kwa vijana wetu mara nyingi chanzo ni vali zilizoharibiwa na homa ya baridi yabisi, iliyoanzia kwenye maambukizi ya koo yasiyotibiwa utotoni. Hakuna gome linalorekebisha vali. Nawe msomaji, ukihisi moyo unakimbia, unaruka au unakufanya uzimie, nenda upimwe umeme wa moyo bila kuchelewa. Na kama tayari unatumia mitishamba, beba kopo lenyewe umwonyeshe daktari, hasa ukiwa unameza dawa ya kuzuia damu kuganda au digoksini, kwa maana mimea mingine huzipunguza nguvu au kuzizidisha.