Resori za Land Rover ya zamani

Kila mavuno tunasikia: "Tuongeze lame, gari ibebe mahindi mengi!" Tuelewe kwanza. Land Rover za zamani zinakaa juu ya resori za lame; resori za kujiviringa zilikuja na One Ten, mwaka 1983. Resori inabeba muzigo, amortisere inatuliza kuruka. Ukizidisha lame, gari ikiwa na muzigo kidogo inarusha watu, na shasi inaweza kupasuka. Tena gari hiyo hiyo ndiyo inapeleka mama mwenye mimba Kamina! Basi tuondoe kutu kati ya lame, tupake grise, tubadilishe zilizovunjika, tutie amortisere mpya pande zote mbili. Mahindi yaliyobaki yangoje safari ya pili. Mgonjwa hawezi kungoja.